SOMO LA FAMILIA: Tusipokubaliana na uamuzi juu ya mtoto, tufanye nini?

Somo la mwezi huu ni gumu kidogo, lakini tumeombwa na familia nyingi tuliandike. Linahusu siku ile ambapo ofisi, kamati au viongozi wanatoa uamuzi juu ya mtoto unayemlea, na moyo wako unakataa. Labda wamesema mtoto ahamie kwa ndugu mwingine. Labda wamemtoa katika nyumba yako. Labda wewe ndiwe uliyepeleka taarifa kwamba mtoto wa jirani anapigwa, na umeambiwa kwamba hakuna jambo. Je, Mkristo anyamaze? Agombane? Au kuna njia nyingine?

YALIYOTUPATA SISI WENYEWE

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita, familia moja ya ushirika wetu ilikuwa inalea watoto wawili, msichana wa miaka 13 na mdogo wake wa miaka 8. Watoto hao walipotezana na wazazi wao njiani wakati wa kukimbia vita. Familia ile iliwaokota, ikavuka nao mpaka, ikagawana nao mgao mdogo waliopata, ikawapeleka shule. Walikaa pamoja miaka minne. Kisha, kwa njia ya kutafuta ndugu waliopotezana, mama yao mdogo akapatikana katika makazi mengine ya nchi hii hii. Ikaamuliwa watoto waende kwake. Walezi waliambiwa siku ya Jumanne kwamba gari litakuja Ijumaa.

Usiku wa Alhamisi walezi waliwapeleka watoto shambani, wakawaficha. Gari lilikuja, halikukuta mtu. Na sisi wazee wa kanisa tulifanya nini? Tuliandika barua kali, tukakusanya sahihi za waumini zaidi ya arobaini, na Jumapili tukasoma habari ile kwenye matangazo, majina ya watoto yakiwemo. Tulidhani tunatetea wanyonge.

Mama mmoja wa idara ya akina mama hakuweka sahihi. Yeye alimfuata yule msichana kisimani, wakasubiri zamu ya maji pamoja, akamwuliza taratibu. Msichana akasema: "Mama, mimi nataka kwenda kwa mama mdogo. Anafanana na mama yangu. Lakini nikisema hivyo, mama wa hapa atalia, na watu wote kanisani wameshasema hatuendi."

Wapendwa, tuliposikia maneno hayo tuliona aibu. Watu zaidi ya arobaini tulikuwa tumeweka sahihi kwa ajili ya mtoto, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza mtoto.

Lakini si kwamba walezi hawakuwa na haki ya kulalamika. Walikuwa nayo. Hakuna aliyekaa nao chini kuwasikiliza kabla ya uamuzi. Siku tatu hazitoshi kuagana na watoto wa miaka minne. Na msichana alikuwa na mitihani mbele yake. Lalamiko lilikuwa la kweli. Njia tuliyoshika ndiyo iliyokuwa mbaya. Tofauti hiyo ndiyo somo letu la leo.

KULALAMIKA SI DHAMBI

Kuna ndugu wanaofundisha kwamba Mkristo hapaswi kulalamika, na kwamba kila uamuzi wa wenye mamlaka upokelewe kimya. Tufungue Biblia zetu kitabu cha Hesabu sura ya 27. Binti watano wa Selofehadi, yaani Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, walifiwa na baba yao jangwani. Hakuwa na mtoto wa kiume. Kwa taratibu za wakati ule, jina lake lilikuwa linapotea na wao hawapati urithi. Hawakwenda kunung'unika mahemani usiku. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, na kuhani Eleazari, na wakuu, na mkutano wote, wakaeleza shauri lao kwa maneno machache: baba yetu alikufa, hakuwa katika kundi la waasi, kwa nini tukose fungu? Musa hakuwakemea. Hakujidai kwamba anajua. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na Bwana akasema kwamba binti hao wamenena haki. Uamuzi ukabadilika.

Wengi huishia hapo. Tusome na sura ya 36. Wazee wa ukoo wao nao walikuja na lalamiko: wasichana hawa wakiolewa katika kabila lingine, ardhi yetu itahama. Nao walisikilizwa. Hawakunyang'anywa binti wale haki yao, ila uliongezwa utaratibu mwingine kwamba waolewe ndani ya kabila la baba yao. Tazameni: shauri moja, pande mbili, na kila upande ulipewa nafasi ya kusema. Kitabu cha Mithali 18:17 nacho kinatuonya kwamba anayetangulia kusema huonekana ana haki mpaka mwenzake aje kumhoji.

Na katika Matendo sura ya 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika mgao wa kila siku. Sisi tunaokaa kwenye foleni ya mgao tunaelewa jambo hilo vizuri sana! Mitume hawakusema, "Hawa ni watu wa kunung'unika." Waliliita kanisa, wakachagua watu saba wenye sifa njema wasimamie kazi hiyo. Lalamiko lilileta matengenezo, na kanisa likakua.

NANI ANAAMUA, NA KWA KANUNI GANI?

Mtu hawezi kulalamika vizuri kama hajui uamuzi ulivyofanyika. Tueleze kwa kifupi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ni wa mwaka 1989. Nchi tulizotoka na nchi zilizotupokea, yaani Kongo, Burundi, Rwanda, Tanzania, Uganda na Kenya, zote zimeukubali. Kifungu cha 3 kinasema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake yatangulizwe. Kifungu cha 9 kinasema mtoto asitenganishwe na wazazi wake bila wao kutaka, isipokuwa mamlaka husika zimeamua kisheria kwamba ni lazima kwa faida ya mtoto, na uamuzi huo uweze kupitiwa na mahakama. Tena kinasema wote wanaohusika wapewe nafasi ya kushiriki na kutoa maoni yao. Kifungu cha 12 kinasema mtoto anayeweza kuwa na maoni yake asikilizwe, na maoni yake yapewe uzito kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Kifungu cha 22 kinamtaja mtoto mkimbizi kwa wazi. Afrika pia ina mkataba wake wa haki na ustawi wa mtoto, uliopitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika mwaka 1999.

Katika makazi na kambi, shirika la UNHCR lina utaratibu wake wa kutazama maslahi ya mtoto. Mwongozo wake ulitolewa mwaka 2008, na mwongozo mpya ukatolewa mwaka 2021. Kwa mambo ya kawaida, mfanyakazi wa ulinzi wa mtoto hufanya tathmini: huzungumza na mtoto, hufika nyumbani, huzungumza na walezi. Kwa mambo mazito, kama kumtenga mtoto na mzazi asiyetaka, au kumtafutia suluhisho la kudumu mtoto aliyetengana na wazazi wake, mtu mmoja haruhusiwi kuamua peke yake. Ripoti hupelekwa mbele ya jopo la watu wa ofisi mbalimbali, nao huamua pamoja. Na hata jopo hilo halichukui nafasi ya serikali. Mambo ya haki ya mzazi juu ya mtoto yako chini ya sheria na mahakama za nchi iliyotupokea. Tanzania anahusika afisa ustawi wa jamii, Kenya afisa wa watoto, na Uganda afisa wa ustawi anayefanya kazi pamoja na mahakama.

Jambo moja linasahauliwa mara nyingi: uamuzi wa jopo si jiwe. Shauri linaweza kufunguliwa tena ikiwa habari mpya imepatikana, kwa mfano ndugu amepatikana au hali ya nyumba imebadilika, au mtoto na walezi wake wakitoa sababu nzuri za kuomba litazamwe upya. Kwa hiyo swali la kwanza si "Tutawazuiaje?" bali "Tuna sababu gani wasiyoijua?"

JIULIZE KWANZA: NINALALAMIKIA NINI HASA?

Maumivu ni mamoja, lakini malalamiko ni ya aina nyingi. Ukiyachanganya, hakuna atakayekuelewa. Tumeona aina nne.

Aina ya kwanza: Hatukusikilizwa. Hakuna aliyekuja nyumbani, mtoto hakuulizwa, au aliulizwa mbele ya watu anaowaogopa. Hili ni lalamiko juu ya utaratibu.

Aina ya pili: Habari waliyo nayo si sahihi. Hapa tuseme wazi jambo linaloumiza familia nyingi. Katika lugha zetu mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu. Siku ya kuandikishwa tuliulizwa, "Huyu ni nani?" tukajibu, "Ni mwanangu." Karani akaandika mtoto wa kuzaa. Miaka inapita, mtoto anasema wazazi wake walikufa, na sisi tunaonekana waongo, au hata wezi wa watoto. Wengine shida yao ni mkalimani: mtu amesema kwa Kibembe au Kirundi, ikapita kwenye Kiswahili, ikafika kwenye Kiingereza ikiwa imegeuka. Dawa yake si hasira. Ni kwenda kueleza kwa utulivu jinsi kosa lilivyoingia, na kuomba lisahihishwe na mkalimani mwingine.

Aina ya tatu: Mfanyakazi au mjumbe amefanya vibaya. Ameomba pesa, kuku, au jambo la aibu. Au mjumbe wa kamati ni ndugu wa upande wa pili. Kama ni undugu, omba mjumbe huyo akae pembeni katika shauri hilo. Kama ni rushwa au uchafu wa mwili, hilo si kutokubaliana tena. Huo ni uovu, nao una njia yake tutakayoitaja hapo chini.

Aina ya nne: Walinisikiliza, habari ni za kweli, hakuna aliyefanya vibaya, ila uamuzi wenyewe unaniuma. Tuwe wakweli. Wakati mwingine tunatetea mtoto, na wakati mwingine tunatetea sehemu yake ya mgao, kazi za mikono yake pale nyumbani, au matumaini kwamba faili yake itatufikisha ng'ambo. Mungu anaona tofauti, na mara nyingi mtoto pia anaiona.

NGAZI ZA KUPANDA

1. Rudi kwa aliyekuletea uamuzi. Mwombe akueleze sababu kwa lugha unayoielewa. Mwulize: Nani aliamua? Tarehe gani? Mtoto aliulizwa? Je, kuna njia ya kuomba shauri litazamwe upya? Andika majibu. Malalamiko mengi huisha hapa, kwa sababu tatizo lilikuwa ni kutoelezwa.

2. Kama hukuridhika, nenda kwa msimamizi wake, kwa barua. Barua isiwe ndefu. Andika mwenyewe au mwombe mtu mmoja unayemwamini, si kijiji kizima. Usiandike jina la mtoto juu ya bahasha. Tumia namba ya faili. Baki na nakala, na uandike tarehe na mtu aliyeipokea. Barua inaweza kuwa hivi:

"Sisi ni walezi wa watoto wawili wa faili namba ... Tarehe ... tuliambiwa watahamia kwa mama yao mdogo. Hatupingi wao kuwa na ndugu yao. Tunaomba uamuzi utazamwe tena kwa sababu mbili. Kwanza, sisi walezi hatukuulizwa lolote, na tunajua mambo ya afya ya mdogo ambayo hayajaandikwa. Pili, mkubwa ana mitihani. Tunaomba watoto waulizwe kila mmoja peke yake, tunaomba sisi tusikilizwe, na tunaomba safari isubiri shule ifungwe. Mpaka tupate jibu tutaendelea kuwatunza, wala hatutawaondoa mahali walipo."

Sentensi ile ya mwisho ina nguvu kuliko sahihi arobaini.

3. Kama kimya kinaendelea, tumia njia za malalamiko zilizowekwa: dawati la ulinzi, siku za kuonana na maafisa, sanduku la maoni, au simu ya bure. Sanduku si mahali pa jambo la haraka. Tanzania, Kenya na Uganda zina simu ya kusaidia watoto, namba 116, na hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

4. Kama jambo linahusu haki ya mzazi, au mtoto ameondolewa kwa nguvu ya sheria, ngazi ya mwisho ni afisa wa serikali wa mambo ya watoto na mahakama. Omba msaada wa mwanasheria wa bure kama yupo katika eneo lenu. Mtume Paulo mwenyewe, katika Matendo sura ya 25, alitumia haki yake ya kukata rufani kwa Kaisari. Hakutukana mtu, hakutoroka, na wala hakunyamaza.

5. Kwa mfanyakazi aliyeomba rushwa au mwili wa mtu, usianze kwake wala kwa rafiki yake. Nenda moja kwa moja kwa mkuu wa ofisi, au ofisi nyingine, au polisi. Tukumbuke kwamba mwaka 2002 kulitolewa ripoti kutoka Afrika Magharibi juu ya watoto wakimbizi waliodhulumiwa na baadhi ya watu waliotumwa kuwasaidia, na mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akatoa agizo la kukataza wafanyakazi wake kabisa kuwa na uhusiano wa kimwili na mtu aliye chini ya miaka 18, au kubadilisha msaada kwa tendo hilo. Agizo hilo lilitoka kwa sababu watoto na wazazi walisema. Huduma zote za wakimbizi ni bure. Ukiombwa kitu, ni wizi.

MAMBO YA KUTOFANYA

Usimfiche mtoto. Familia tuliyoitaja ilimficha kwa upendo, lakini ofisini ilisomeka kwamba wana jambo la kuficha. Iliwachukua wiki nyingi kurudisha imani.

Usimfundishe mtoto maneno ya kusema. Wanaohoji watoto hutambua maneno ya kukariri. Tena unamtwika mtoto mzigo wa kukuchagua wewe au kukusaliti.

Usimtafute aliyepeleka taarifa. Jina lake halitolewi, na haipasi kutolewa. Nyumba ikichomwa moto leo kwa sababu jirani alisema, kesho hakuna jirani atakayesema, hata mtoto wako mwenyewe akiwa hatarini.

Usigeuze shauri kuwa la kabila. Ukweli, upendeleo upo mahali pengine. Lakini ukisema "Wametufanyia hivi kwa sababu sisi ni watu wa fulani," lete jambo lililofanyika, siku na mashahidi. Kumbukumbu la Torati 19:15 inataka mashahidi wawili au watatu.

Usimwite mtoto mchawi. Wengine, mtoto anaposema anateswa nyumbani, hujibu kwamba ana pepo wa uongo. Ndugu, hilo si lalamiko wala si imani. Ni kumteswa mara ya pili.

Usitangaze jina lake kanisani. Sisi tulifanya hivyo, na tulimwomba yule msichana msamaha. Maombi ya jumla yanatosha: Bwana anawajua watoto kwa majina yao.

HATARI HAISUBIRI BARUA

Hapa tuwe makini sana. Ngazi tulizozieleza ni za kutokubaliana. Kama mtoto anapigwa mpaka kuumia, amebakwa, anaozwa akiwa mdogo, au anakatazwa chakula, usingoje jibu la barua. Peleka taarifa siku ile ile kwa mfanyakazi wa ulinzi wa mtoto au polisi. Aliyebakwa afike hospitali mapema, kabla ya saa 72 kupita, maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haifai kuanzishwa baada ya hapo. Saa 72 zikiwa zimepita, bado apelekwe, kwa kuwa kuna matibabu mengine.

Na mtoto akiondolewa haraka kwa sababu ya hatari, inawezekana mzazi asiulizwe kwanza. Inauma, lakini ndivyo inavyopasa. Nafasi yake ya kusema inakuja baadaye, na aidai.

Sisi wazee na wachungaji tujirudi katika jambo moja. Tumezoea kukaa chini ya mti, kutoza mbuzi, na kusema yamekwisha. Ugomvi wa mipaka ya shamba tunaweza kuumaliza hivyo. Unajisi wa mtoto hatuwezi. Mbuzi huliwa na wakubwa, na mtoto anabaki na aliyemwumiza uani. Anayetafuta mapatano ya namna hiyo hamlindi mtoto, anamlinda mkosaji. Kanisa kazi yake ni kusindikiza familia hospitalini, ofisini na mahakamani, kumtunza mtoto, na kufunga mdomo juu ya siri zake.

KAMA JIBU NI HAPANA

Umefuata ngazi zote, umesikilizwa, na bado uamuzi ni ule ule. Tufanye nini? Turudi kwenye ile familia.

Barua ya zamani tuliiondoa, ikaandikwa mpya. Walezi walisikilizwa. Msichana aliulizwa peke yake, na mdogo wake pia, na ikakubaliwa wasitenganishwe. Safari ilisogezwa mpaka shule ilipofungwa. Mama mdogo alikuja kwanza kuwatembelea, akalala siku mbili, akala pamoja na walezi. Kisha watoto walikwenda. Mdogo alilia. Mama mlezi hakuja kanisani Jumapili tatu. Hatutawadanganya kwamba maumivu yalikwisha. Lakini aliwafungia nguo zao mwenyewe, akaandika kwenye karatasi dawa ya kifua ya mdogo na chakula kinachomsumbua, akampa mama mdogo. Hata sasa wanapigiana simu, na watoto wanawaita wote wawili mama.

Katika 1 Wafalme 3, Sulemani aliwatambua mama wawili kwa jambo moja: mmoja alikuwa tayari kumpoteza mtoto ili mtoto aishi, mwingine alikuwa tayari mtoto agawanywe ili mwenzake asimpate. Hatusemi kwamba kila mlezi lazima aachie. Wako walezi waliodai, na shauri likageuzwa, na ilikuwa haki. Tunachosema ni hiki: katika kudai kwetu, mtoto asigawanywe.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Katika Hesabu 27 na 36, kila upande ulilalamika kwa namna gani? Tunajifunza nini kwao?
2. Katika nyumba yetu, kuna mtoto ambaye uhusiano wake nasi uliandikwa vibaya siku ya kuandikishwa? Tutakwenda lini kusahihisha?
3. Tunajua jina la ofisi na siku ya kuonana na mfanyakazi wa ulinzi wa mtoto katika eneo letu? Watoto wetu wanajua?
4. Wazazi na walezi: mara ya mwisho kumwuliza mtoto unayemlea, mkiwa wawili tu, kwamba anaishije hapa nyumbani, ilikuwa lini? Fanya hivyo juma hili, na usimkasirikie kwa jibu lake.

Tuwaombee watoto waliopotezana na wao, walezi waliowapokea bila kuulizwa, wafanyakazi wanaoamua mambo mazito kila siku, na viongozi wetu wapate masikio ya kusikia wadogo. Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Amina.